Dawa ya Akili na Mambo ya Chumbani

Mume wangu ameridhia niandike haya kwa sharti la kutotaja jina lake wala kijiji chetu. Sisi ni watu wa Pemba, upande wa Wete, na anayetujua atatujua tu. Hilo amelikubali. Anasema wanaume wenziwe anaokaa nao kwenye benchi la kliniki wanaacha dawa mmoja baada ya mwengine, jamaa zao wanawaita wakaidi, na hakuna anayewauliza kilichowafanya waache.

Nianze na wema wa dawa, maana sitaki mtu asome haya kisha akatupe vidonge vya mwanawe. Mume wangu ana skizofrenia. Ilimwanza ujanani, kabla hatujaoana. Yuko peke yake juu ya mkarafuu, anasikia watu wanamsema. Akishuka anawatafuta awapige. Kwao walifanya kila wazee wanachokijua: alipungwa, alisomewa, alikunywa kombe, yale maji yaliyooshea aya za Qur'ani zilizoandikwa sahanini. Kombe silitii dosari, lilimtuliza mama yake wakati hakuna kingine kilichomtuliza. Lakini sauti hazikuondoka. Ami yake ndiye aliyemvusha bahari hadi Unguja, akalazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, na aliporudi alikuwa na vidonge vya risperidoni na usingizi wa kweli. Taratibu akarudi kwenye mikarafuu, akawa analipwa kwa pishi kama wenziwe, anahesabu mwenyewe wala hapunjiki. Alipoleta posa, wazee wangu walielezwa ugonjwa wake, na mimi nikaelezwa. Niliyemkubali alikuwa mtu mpole, msikilizaji, anayecheka kwa macho kabla ya mdomo. Bila ya dawa nisingemjua mtu yule.

Dawa zilikuja na mambo madogo tuliyoyazoea. Akiinuka kutoka sijda, khasa swala ya alfajiri, kizunguzungu kinamshika mpaka aguse ukuta. Usiku pua zinamziba ingawa hana mafua. Kliniki walimwambia ainuke taratibu, akae kitako kwanza ndipo asimame, na asikimbilie kupanda mti asubuhi. Akafuata. Kila tukienda wanauliza: analala? Anakula? Mikono inatetemeka? Mate yanamtoka? Ya chumbani hayakuwemo. Hiki kizunguzungu na hizi pua mviweke akilini, nitavirudia.

Baadaye dozi ikaongezwa kutoka miligramu 2 hadi 4, kwa sababu sauti zilikuwa zimeanza kunong'ona tena. Zikanyamaza. Lakini baada ya hapo ikawa anafika kileleni vizuri tu, na hakitoki kitu. Shuka kavu. Mara ya kwanza hatukusema neno. Ikarudia, tukazidi kunyamaza. Yeye moyoni akaamini amefungwa, kuna mtu kamtengenezea asizae. Mimi nikaamini anajizuia kwa makusudi, anaogopa mtoto asije akarithi maradhi yake. Tukalala kitanda kimoja, kila mmoja na fikra yake, na wote tumekosea.

Kilichomtesa yeye zaidi, na hili wanaume wengi wa kwetu watalielewa, ni swala. Alianza kujiuliza kama josho linamlazimu au halimlazimu maadamu manii hayakutoka, na kama swala zake za nyuma zimesihi. Akaenda kwa shehe mmoja, akauliza kama anayemuulizia rafiki yake. Shehe akamjibu kuwa kuingiliana kwenyewe kunawajibisha kuoga, yatoke yasitoke. Alirudi nyumbani amepumua kidogo. Naona ajabu mpaka leo kwamba mlango wa shehe ulikuwa mwepesi kwake kuliko mlango wa kliniki, ilhali swali lilikuwa moja.

Mavyaa naye alikuwa na macho yake. Hakunitukana hata siku moja, ni mwanamke wa heshima. Lakini nikikataa chakula asubuhi alikuwa ananitazama usoni, kisha tumboni, kisha anauliza, "Mwanangu, kheri?" Na mimi namjibu kheri, ni mbu tu walininyima usingizi.

Nikaenda kwa somo wangu. Ndiye aliyenifunda kabla ya harusi, na hakuna jambo la mwili ambalo naona haya kumwambia. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho, naye anashona mkeka wa ukindu, mikono haisimami. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, mimi nilifunzwa miili. Vidonge sikufunzwa. Aliyempa ndiye wa kuulizwa."

Maneno ya haki. Shida ni kuyatekeleza. Kliniki yetu chumba ni kimoja, pazia badala ya mlango, benchi la wagonjwa liko hatua chache kutoka mezani. Anayeandika ni binti wa jirani, amekulia uani kwetu, mume wangu anamwita mwanangu naye anamwita ami. Amwambie nini? Nilimsihi, akasema yuko radhi afe kuliko kumtamkia mtoto yule neno manii. Nikasema nitasema mimi. Akaniomba kwa Mungu nisimfedheheshe.

Basi akaacha dawa. Hakuniambia. Nilikuja kuvikuta vidonge ndani ya gunia la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nilipokuwa nalihamisha mvua isilifikie. Alinieleza baadaye kuwa baada ya wiki chache za kuacha manii yalirudi kama zamani, na hilo likamthibitishia kuwa uamuzi wake ni sahihi. Ukitazama kwa jicho lake, alikuwa na ushahidi. Ila ugonjwa nao ulirudi, katikati ya msimu wa kuchuma, na uliporudi ulikuja na visu. Sitaki kuieleza miezi ile. Walimfunga kamba watu wanaompenda, na hapo inatosha.

Alipopelekwa tena hospitali, risperidoni haikuwepo stoo wakati ule. Wakampa klopromazini. Si dawa mbaya hiyo. Ni mama wa dawa hizi zote, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na imefungua minyororo ya watu wengi duniani. Ilimtuliza. Kizunguzungu kikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, pua zikaziba, nasi tukasema ni yale yale.

Usiku uliotushika ulikuwa wa kawaida kabisa. Hatukuwa tumekutana. Alilala mapema, dawa ilimlaza. Kabla ya alfajiri aliamka uume umesimama, hana hamu yoyote, hana ndoto aliyoota. Akangoja ulale. Adhana ikaadhiniwa, umesimama. Akaswali chumbani kwa kuwa hakuweza kutoka mbele za watu na kikoi. Jua likachomoza, maumivu yakaanza, kwanza ya kuuma kwa mbali, halafu ya kumfanya akunje magoti na kusaga meno. Ndipo aliponiita. Kitu cha kwanza alichosema: "Usimwambie mama."

Nilipoona nilijua hili si jambo la kawaida. Umekuwa mgumu mwili wote, ila kichwa chake laini. Hakutaka kuguswa hata na nguo. Nikampigia shemegi yangu mwenye gari. Nilimwambia, "Shemegi, njoo utupeleke hospitali, usiniulize." Hakuuliza, Mungu amlipe. Nikachukua mfuko wenye vidonge vyote vya mume wangu na kadi yake ya kliniki. Sikuwa na hekima yoyote, ni mazoea ya miaka ya kuuguza: mgonjwa hatoki bila mfuko wake. Mfuko ule ndio uliomwokoa.

Maana kituo cha kwanza tulichofika, kijana aliyetupokea alitazama akacheka. Akamwuliza amenunua wapi dawa za nguvu za kiume. Mume wangu akageuza uso ukutani, hakujibu. Nikasema hajameza kitu kama hicho, anatumia dawa za akili. Kijana akasema basi akaoge maji baridi, akapumzike. Nimemsamehe kwa kutojua. Kwa kicheko bado. Mgonjwa wa akili ana sababu elfu za kudhani watu wanamcheka, na siku ile alikuwa na ya kweli.

Shemegi akasema twendeni kwenye hospitali kubwa. Huko tukampata daktari wa makamo, mwanamme, aliyefunga mlango kabla ya kusema lolote. Alimwuliza: limeanza lini? Lina maumivu? Ana seli mundu, au yumo mwenye seli mundu katika ukoo? Amevuta bangi? Anakunywa dawa gani? Nikafungua mfuko mezani. Alipoiona klopromazini akasema, "Hii ndiyo," akaita wenziwe hapo hapo.

Walimpiga sindano ya ganzi, kisha wakaingiza sindano ubavuni mwa uume wakaivuta damu iliyokwama. Ilitoka nyeusi kama kahawa ya barazani. Wakasafisha kwa maji ya chumvi, wakampa dawa ya kukaza mishipa, kidogo kidogo, papo hapo huku wanampima presha kila mara. Wakarudia, wakarudia. Kabla ya adhuhuri ukalala. Mume wangu alilia, na sikumbuki kama nilishawahi kumwona akilia akiwa na akili zake timamu.

Jioni daktari alirudi kutuelezea, akavuta kiti akakaa. Alisema madaktari wanaiita priapizimu. Ni uume kusimama bila hamu na bila kulala, na mpaka wake ni muda wa saa 4. Ukipita hapo ni dharura, sawa na mtu anayetoka damu. Damu inaingia lakini haitoki, hewa yake inakwisha, na nyama za ndani zinaanza kufa. Ukipita muda wa saa 24 wengi hawarudi kuwa na nguvu tena maisha yao yote, kwa sababu ndani panakuwa kovu. Si jambo la kila siku kwa wanaotumia dawa hizi, ni wachache mno linalowapata. Lakini linaweza kumpata mtu aliyeanza dawa jana, aliyeongezewa dozi, aliyeacha kisha akarudishwa kama huyu wangu, hata aliyeitumia miaka bila tatizo. Mwenye seli mundu yumo hatarini hata bila ya dawa hizi, na kwetu mwambao huu wenye seli mundu si wachache. Walimpima, hana.

Kisha akauliza, "Kizunguzungu anacho akisimama? Pua zinaziba usiku?" Nikashtuka, maana hatukuwa tumemweleza. Na baada ya hapo akauliza lile ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Na manii yanatoka?"

Mume wangu akajibu mwenyewe. Mbele yangu, kwa sauti ya chini, akamweleza yote.

Daktari akatuunganishia. Kwenye misuli laini, ile inayojikaza yenyewe bila mtu kuiamuru, kuna vipokezi, kama vitasa vya kupokea amri, vinavyoitwa alfa-1, ambavyo mwili unavitumia kukaza mishipa ya damu na sehemu nyengine zinazohitaji kujifunga. Dawa nyingi za skizofrenia, pamoja na kazi yake kwenye ubongo, zinaviziba vipokezi hivi, nyengine kwa nguvu, nyengine kidogo. Mishipa ikishindwa kujikaza mtu anaposimama, damu inachelewa kupanda kichwani, na hicho ndicho kizunguzungu cha kwenye sijda. Mishipa ya puani ikilegea, pua zinavimba ndani. Mdomo wa kibofu cha mkojo unatakiwa ujifunge mtu anapofika kileleni ili manii yapite nje. Usipojifunga, yanarudi nyuma yanaingia kibofuni, kisha yanatoka kimya kimya na mkojo. Akamwuliza kama mkojo wa baada ya tendo ulikuwa na ukungu. Akasema ndiyo, alidhani ni ugonjwa mwengine. Hayamdhuru mtu yakirudi ndani, ila mke ni vigumu kushika mimba. Na uume nao, ili ulale, unahitaji mishipa yake ijikaze tena damu ipate kutoka.

Mambo manne, chanzo kimoja. Hakuna aliyefungwa, na hakuna aliyekuwa akijizuia. Nilimtazama mume wangu naye akanitazama, na nadhani pale hospitalini ndipo ndoa yetu iliposhikana upya.

Tangu siku ile nina hasira moja ambayo sioni sababu ya kuificha. Klopromazini ina zaidi ya miaka 70 mikononi mwa madaktari. Habari ya uume kukataa kulala imo kwenye karatasi za maelezo zinazofungwa na dawa hizi, imeandikwa, si siri. Kwetu vidonge vinahesabiwa vinatiwa kwenye kibahasha, karatasi haifiki. Sawa. Lakini mdomo upo. Anayeweza kumwambia mgonjwa ainuke taratibu kutoka kwenye sijda anaweza pia kumwambia: likisimama likagoma kulala, njoo hospitali haraka, na njoo na vidonge vyako. Sentensi moja.

Klopromazini ikasimamishwa, ila daktari wa akili alisema kuacha dawa kabisa hakuna, na akatueleza ukweli kuwa aliyepatwa mara moja anaweza kupatwa tena na dawa yoyote ya jamii hii, kwa hiyo ni kuchagua ile isiyoziba sana alfa-1. Wakampa haloperidoli, dozi ndogo. Kizunguzungu kikaondoka. Pua zikafunguka. Manii yakarudi. Nayo ina adha zake: inamkaza shingo na mikono, anapewa benzheksoli ya kumlegeza, na hawezi kuchuma kwa kasi ya zamani, anaokota chini na kuanika. Nilimwuliza daktari kuhusu aripiprazoli, dawa nyengine ya jamii hii, nilikuwa nimesikia haina mengi ya haya. Akasema kwa alfa-1 na kwa homoni, nitakayoieleza hapo chini, ni nyepesi, ingawa upatikanaji wake kwetu ni wa shida, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2016 kuwa baadhi ya watu inawatia tamaa wasizoweza kuzizuia, za kamari, za kula, za kununua, na za kujamiiana pia. Wachache, na zinaondoka dozi ikipunguzwa au dawa ikiachishwa. Nikawaza mwanamke atakayeachika kwa sababu hiyo bila kujua.

Na hamu ya mume wangu imepungua. Hili nalo lina njia yake. Dawa inaizuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini ndiyo inayoishika homoni ya prolaktini isipande. Prolaktini ikipanda, mwanamme hamu inashuka, wengine matiti yanavimba. Mwanamke hedhi inakatika na maziwa yanaweza kumtoka bila ya kuwa na mtoto. Kwenye benchi letu yuko mwanamwari aliyetokwa na maziwa hajaolewa. Nyumbani walimpima mimba mara kwa mara, wakamchungulia simu, wakamfungia ndani. Mimi ndiye niliyekaa na mama yake nikamwambia kuna kipimo cha damu cha hiyo homoni, aulize. Tofauti na ile dharura ya uume, hili halina mbio za saa, lakini mtoto wa watu aliishi katika tuhuma muda wote ule.

Mavyaa nilimwambia mwenyewe, kwa ruhusa ya mwanawe, si yote, yanayomhusu. Kwamba ni dawa iliyokuwa ikizuia, na imeshabadilishwa. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe hakuna aliyemfanya mwanangu." Kuna jirani aliyekuwa hasalimiani naye kwa miaka, akimshuku. Kesho yake nilimwona anavuka njia na sahani ya mkate wa kumimina, anaelekea kwa jirani yule. Sikuuliza walichozungumza.

Mimba bado. Nayo iko kwa Mwenyezi Mungu, na angalau sasa tunajua manii hayarudi tena nyuma.

Kliniki wamehamishia mazungumzo chumba cha nyuma chenye mlango, na siku za wanaume anakaa muuguzi mwanamme. Sisemi ni kwa sababu yetu, ingawa tuliomba. Anauliza usingizi, anauliza mikono, kisha anauliza ya chumbani bila kubadilisha sauti. Wiki ijayo ni zamu yetu. Mume wangu anataka kuuliza kama haloperidoli inaweza kupunguzwa kidogo, kwa ajili ya ile hamu, bila sauti kurudi. Nilimwuliza kama nimsemee. Akasema atasema mwenyewe.